Bibi Fundi na Jua la Kwenye Kioo

Kila siku akitoka shuleni, Pini alianza kwa kuokota sindano. Alipitisha sumaku sakafuni, kutoka mlangoni hadi miguuni pa cherehani, akakusanya na vipande vya nyuzi, ndipo akaruhusiwa kula. Pini halikuwa jina lake la kuzaliwa. Bibi yake alimwita hivyo kwa sababu alikuwa mdogo, mwembamba, na ukimgusa vibaya anachoma.

Bibi mwenyewe alikuwa fundi wa magauni ya harusi. Cherehani yake ilinguruma tangu zamani, hata majirani walisema ikinyamaza ghafla, watoto wachanga wa mtaa mzima huamka wakilia. Adui yake mkubwa alikuwa jua. Jua huifanya hariri nyeupe kuwa ya njano, alisema, na dirisha likiwa wazi vumbi huingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo madirisha yote yalizibwa kwa mapazia mazito. Bibi aliingia karakanani mwake alfajiri, akatoka jua likishazama. Miaka arobaini mfululizo!

Siku moja alijikwaa kwenye jora la kitambaa. Wala hakuanguka kwa kishindo. Alienda chini polepole kama mtu anayekaa, akajizuia kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika.

Hospitalini alifungwa plasta, kisha daktari akampima damu. "Vitamini D yako iko chini sana, mama," alisema. "Bila hiyo mwili haufyonzi vizuri kalsiamu ya chakula, na mifupa inadhoofika. Kwa umri wako, leo ni mkono, kesho inaweza kuwa nyonga."

Akampa vidonge kumi na viwili, kimoja kila wiki, na kumwambia atoke nje aote jua, mikono na miguu ikiwa wazi. Arudi baada ya miezi mitatu. Pini akapewa daftari dogo la kuweka tiki.

Shangazi yake Pini, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatia neno. "Mama, ukirudi hapa na damu ileile, karakana tunaifunga. Utahamia kwangu ghorofani, upumzike kitandani."

"Nipumzike? Kwani nimekuwa maiti?"

Walipofika nyumbani, Bibi alimimina vidonge vyote kwenye kopo la vifungo, akalitikisa. "Mke mwenzangu," alimwambia Pini, kwani ndivyo alivyomtania, "mimi si mgonjwa. Jua nitaota, lakini kwa masharti yangu."

Masharti yenyewe yalikuwa haya: Pini afungue pazia moja, afute kioo mpaka king'ae, asiguse komeo la dirisha. Bibi akaketi nyuma ya kioo kilichofungwa, mikono wazi, kama malkia anayechorwa picha. "Unaona? Jua linaingia, vumbi linabaki nje. Nimewashinda wote."

"Lakini kidonge hujameza, Bibi."

"Weka tiki! Au unataka shangazi yako anifungie ghorofani kama kuku?"

Pini akaweka tiki. Wiki ya kwanza tiki ilienda upande. Kufikia wiki ya kumi na mbili, tiki zilikuwa zimenyooka kama mshono wa bibi yake.

Miezi mitatu ikaisha, wakarudi. Daktari aliangalia majibu, akaangalia daftari, akakunja uso. "Ajabu. Dawa umemeza yote, jua umeota, na damu haijabadilika hata kidogo. Huenda utumbo wako haufyonzi. Nitakuongezea dozi mara tano."

"Si nilisema mimi!" Shangazi alidakia. "Karakana inafungwa leo."

"Jaribuni," Bibi akasema, kidevu juu.

Pini alikuwa akifikiria ile mara tano. "Daktari, na kama utumbo wake hauna shida?"

"Basi dozi hiyo itamdhuru. Kalsiamu itazidi kwenye damu, na figo zitaumia."

Pini akasimama. Bibi alimfinya paja. "Kaa chini."

"Sikai!" Neno hilo hakuwahi kumtamkia bibi yake. "Tiki zote ni za uongo, nimeziweka mimi. Vidonge viko kwenye kopo la vifungo. Na jua tumeliotea ndani, nyuma ya kioo."

Shangazi alishika kichwa. Bibi aligeuka taratibu. "Msaliti wewe. Na uzi nimekufundisha mimi kutunga!"

"Ninunie, Bibi. Ninunie mwaka mzima. Lakini ninunie ukiwa unatembea."

Daktari alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Mama, kioo hupitisha mwanga na joto, lakini ile mionzi inayouwezesha mwili kutengeneza vitamini D huzuiwa. Miezi mitatu umeota joto tu."

Bibi akaitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomdanganya.

"Dozi inabaki ileile," daktari akaendelea. "Meza, na utoke nje. Karakana isifungwe, kulala kitandani huidhoofisha mifupa zaidi. Ila majora yatoke sakafuni."

Kesho yake, Bibi alimnunia Pini, akameza kidonge huku amemkazia macho, kisha akaburuta kiti hadi nje. Hariri ilibaki ndani. Yeye alikaa juani akishona pindo za sare za shule.

"Fundi!" kinyozi wa jirani alipaza sauti. "Umefukuzwa ndani?"

"Nimejifukuza! Na wewe toka, hicho kipara kinataka jua kuliko mimi."

Kununa kulidumu siku tisa. Vidonge vilipokwisha, damu ikapimwa tena, na safari hii vitamini ilikuwa imepanda hadi mahali pake. Shangazi alisoma karatasi mara mbili, hakutaja ghorofa tena.

Wakiwa njiani kurudi, Bibi alimshika Pini mkono. "Siku ile ulinitia aibu, mjukuu wangu, na nikastahili. Mteja akinipa vipimo vya dada yake, gauni nitalishona vizuri sana, na halitamkaa. Mimi nilimpa daktari vipimo vya mtu mwingine, nikataka dawa inikae. Kubishabisha, hilo umerithi kwangu. Bishana na daktari, bishana na shangazi yako, bishana hata na mimi. Lakini bisha kwa ukweli, tena usoni pa mtu."

"Hata na wewe kweli, Bibi?"

"Jaribu uone," alisema Bibi, akaongeza mwendo.