Chatu kwenye Kabati la Mikate

Kila asubuhi kabla ya shule Chiriku alikuwa na kazi tatu, na hakuna hata moja iliyomsubiri amalize kupiga miayo. Kwanza alifagia unga uliomwagika chini ya meza ya kukandia. Kisha alimsaidia mama kupanga mikate ya moto kwenye trei za kupeleka dukani. Kazi ya tatu, ambayo ndiyo aliyoipenda, ilikuwa kwenda chumbani kumjulia hali Mkanda.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Bibi alimpachika jina hilo kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hajanyamaza. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akiishi na mama, mwokaji wa mikate, na bibi, aliyekuwa mwokaji vilevile kabla magoti hayajamgomea. Nyumba yao na chumba cha kuokea vilipeana mgongo, vikitenganishwa na ukuta mmoja tu.

Mkanda naye alikuwa chatu. Alikuwa bado mdogo, mnene kiasi cha kifundo cha mkono wa mtoto, hana sumu, na mpole kupita kuku wa jirani. Jina lake pia lilitoka kwa bibi. Siku nyoka huyo alipoingia ndani, bibi alikunja miguu juu ya kiti na kusema, "Huo mkanda wako usifike hapa nilipo." Basi jina likaganda.

Mwenyewe aliyemfuga alihama na kumwacha kwa daktari wa mifugo. Daktari alikuwa mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na Chiriku alikwenda kwake kila Jumamosi kumsaidia kuosha vyombo vya wanyama. Alimwomba nyoka yule kwa wiki tano mfululizo, mpaka daktari akachoka kukataa.

"Nakupa miezi mitatu," daktari alisema. "Akila vizuri na akavua ngozi yake kipande kimoja, ni wako. Akiugua, namchukua, nampeleka kwenye hifadhi ya wanyama, na ni mbali. Chatu anataka joto na unyevu. Hawezi kukwambia kwamba anasikia baridi, kwa hiyo utapima asubuhi na jioni na utaandika. Hizo namba ndizo mdomo wake. Na nyoka wa porini usimguse hata siku moja. Huyu amezaliwa mikononi mwa watu."

Nyumba ya kioo ya kufugia nyoka, ya dukani, ilikuwa na bei ya kumfanya mtu acheke peke yake. Mama akatoa kabati la vioo la zamani, lile la kuonyeshea mikate, lililovunjika mfuniko. Wakalilaza chali, wakalifunika kwa wavu uliokazwa pembe zote, wakatandaza magome ya miti na kuweka bakuli la maji. Juu yake ilining'inia balbu moja ndogo ndani ya kikapu cha waya, nyoka asije akajiunguza. Daktari akamwazima Chiriku kipimo kidogo chenye mishale miwili, mmoja wa joto na mwingine wa unyevu.

"Balbu moja," mama alisema. "Ukiniongezea ya pili, umeme wote utaishia kwa nyoka na mikate tutaioka kwa jua. Na kabla hujashika trei zangu, mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko."

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Kisha msimu wa baridi ukaingia, na kila asubuhi mishale ilikuwa imeshuka kidogo. Chiriku alikosa raha. Alimweleza Miwani, mvulana aliyekaa naye dawati moja, ambaye alikuwa na jibu la kila swali, hata ambalo hajaulizwa.

"Ziba juu kwa nailoni," Miwani alisema. "Joto halitoki, mvuke hautoki. Umemaliza."

Chiriku alifanya hivyo. Kufikia jioni vioo vilikuwa vinatiririka matone, naye akaona kwamba Miwani ni bingwa. Kipimo alikitundika juu kabisa, karibu na balbu, kama mama alivyotundika kipimajoto cha tanuri kwenye rafu ya juu. Mshale ulionyesha nyuzi thelathini na mbili, na siku ya pili thelathini na mbili tena. Siku ya nne alichelewa kuamka, akaandika thelathini na mbili bila kuangalia. Wiki iliyofuata aliona njia nyepesi zaidi: Jumapili aliketi na kalamu, akajaza namba za wiki nzima ambayo bado haijaanza, kwa dakika moja. Daftari lilipendeza kweli.

Mkanda hakupendeza. Alikataa chakula mara ya kwanza, akakataa mara ya pili. Ngozi yake ilifubaa, na alipopumua alitoa mlio mwembamba kama wa filimbi iliyoziba. Chiriku aliusikia mlio ule. Alijua kwamba kuna jambo haliko sawa, lakini kila alipofungua daftari namba zilimwambia mambo ni shwari, naye akachagua kuziamini.

Jumamosi daktari alikuja na mkoba wake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Lete daftari."

Daktari alisoma kurasa taratibu. Kisha aliondoa nailoni, na harufu ya uvundo ikajaa chumbani. Aliingiza mkono mpaka chini, akageuza magome. Yalikuwa yameloa chapachapa, na upande wa chini yameota ukungu mweupe. Akamnyanyua Mkanda, akamweka karibu na sikio.

"Namba zako nzuri sana," alisema. "Nzuri kuliko nyoka mwenyewe."

Akamrudisha Mkanda, akalifungua daftari tena.

"Jumatano umeme ulikatika mtaa mzima, tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi dawa zangu nusura ziharibike kwenye friji. Hapa kwako Jumatano jioni balbu imezima, na daftari linasema joto ni thelathini na mbili. Nieleze."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Bibi aliegemea fimbo yake nyuma ya mama. Chiriku aliwatazama wote, kisha akatazama vidole vya miguu yake.

"Sikupima," alisema. "Niliandika tu. Siku nyingi niliandika tu." Machozi yakamtoka. "Usimchukue, Daktari. Tafadhali."

Daktari hakupandisha sauti. Alieleza kwamba Mkanda ameanza kuugua mapafu, kwa sababu amelala kwenye baridi na maji huku joto lote likikaa juu ya kichwa chake. Alimdunga sindano. "Nitampitia kumdunga nyingine. Jumamosi ijayo nataka daftari lenye namba za kweli, hata kama ni za aibu. Asipokuwa na nafuu, naondoka naye siku hiyohiyo."

Alipokwenda zake, Chiriku alitupa magome yaliyooza, akafuta vioo, akatandika magazeti makavu. Kisha akakishusha kipimo mpaka chini, pale nyoka anapolala, akasubiri. Mshale ulitulia kwenye ishirini na mbili. Alishika kalamu kwa muda mrefu. Namba ile ilikuwa mbaya, na akiiandika kila mtu ataiona. Akaiandika. Halafu akalia tena, safari hii kwa sauti.

Bibi aliingia akikongoja, akasimama mbali kidogo na kabati, kama ilivyokuwa desturi yake. "Imesema ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Makubwa. Kwa ishirini na mbili hata unga wangu ungevuta shuka ukalala." Bibi aliegemea fimbo yake. "Hebu niambie, huyo mgonjwa wako anataka nini hasa?"

"Joto, bibi. Na unyevu. Lakini asilowe."

"Basi anataka kuumuliwa," bibi alisema. "Kwani hamira inataka nini kingine? Miaka thelathini nimeumua unga mimi. Ukiufungia kwenye nailoni unatoa jasho, unateleza, unachacha. Ukiuacha wazi unakauka ngozi. Unaupa joto la ubavuni, siyo la utosini. Unaweka bakuli la maji upande wenye joto. Juu unafunika nusu kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, nusu unaacha ipumue. Basi."

Chiriku alipangusa pua. "Joto la ubavuni nitalitoa wapi? Mama amesema balbu moja."

Bibi aligeuka, akatazama sebuleni, kwenye kiti chake. Kiti kile kiliegemea ukuta uliopeana mgongo na tanuri. Ukuta ule ulikuwa vuguvugu tangu alfajiri mpaka jua linazama, na bila gharama yoyote, kwa kuwa mikate ilikuwa inaokwa hata hivyo. Hapo ndipo bibi alipopashia magoti yake joto kila siku. Hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kukaa hapo, hata wageni.

"Muite mama yako tusogeze kiti," bibi alisema. "Kisogee kidogo tu. Sikusema kihame."

"Bibi, wewe si unamwogopa?"

"Namwogopa sana. Lakini baridi naijua, na simtakii mtu."

Walisukuma kabati wote watatu, Mkanda akiwa amefungiwa ndani ya foronya. Mama alipima ukuta kwa kiganja, kama anavyopima tanuri, akachagua mahali pasipo na moto wa kuunguza. Upande wa ukutani waliweka bakuli la maji. Upande wa pili waliinamisha nusu ya chungu kilichovunjika, iwe pango la kujificha. Nailoni ikaenda kwenye taka, na nusu ya wavu ikafunikwa kwa kitambaa cha kufunikia unga. Balbu iliwashwa tanuri lilipopoa tu, kwa hiyo umeme uliotumika ulikuwa mdogo kuliko mwanzo. Mama alipogundua hilo alianza kumsalimia nyoka.

Namba za wiki ile hazikufanana. Jumatatu ishirini na nane. Jumanne thelathini. Alhamisi mama alizima tanuri mapema, jioni ikawa ishirini na tano, na Chiriku akaiandika hivyohivyo. Mchana Chiriku akiwa shuleni, bibi alivaa miwani yake, akainama mbele ya kioo na kusoma mishale kwa sauti, kana kwamba Mkanda ni kiziwi. Miwani, yule wa dawatini, alipouliza kwa nini asiziweke sawa zote zipendeze, Chiriku alimwambia, "Zikipendeza, ndiyo hazisemi kitu."

Jumamosi daktari alimsikiliza Mkanda kifuani. Ile filimbi ilikuwa imepungua. Akasoma daftari, akaguna, akaondoka na mkoba wake bila nyoka. Chiriku alikaa chini sakafuni mbele ya kabati.

Wiki nne baadaye, Chiriku alipotoka shule, bibi alimpokea mlangoni. "Kamwone mwenzako. Amevua nguo na kuzitupa chini, kama wewe na sare yako."

Ngozi ilikuwa imelala kando ya chungu, nyepesi kama karatasi ya kufungia mkate, kuanzia mdomoni hadi ncha ya mkia. Daktari alipoitwa, aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza polepole. Hata vifuniko vya macho, ambavyo nyoka huvivua pia, vilikuwa mahali pake.

"Kipande kimoja," alisema. "Ni wako."

Chiriku hakupiga kelele. Alimkumbatia mama, akamkumbatia bibi, kisha akafungua daftari kwenye zile kurasa za thelathini na mbili. "Daktari, naomba nizichane hizi. Zinanitia aibu."

"Ziache," daktari alisema, akaketi. "Ulipokuwa unaandika hizi, nyumba hii ilikuwa imejaa watu wanaokupenda, na hakuna aliyeweza kukusaidia. Tungemsaidiaje nyoka ambaye kwenye daftari ni mzima?" Akafunua ukurasa uliofuata, akaweka kidole kwenye namba moja. "Siku uliyoandika ishirini na mbili ndiyo siku bibi yako alipoachia ukuta wake. Mkanda alianza kupona hapo. Ukweli unaouma una mahali pa kuushika, mtoto wangu. Uongo hauna."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Jioni ilikuwa inaingia, na ilikuwa zamu ya kupima. Alipiga magoti mbele ya kioo, akaangalia mshale, akachukua kalamu na kuandika ishirini na tisa.

Bibi, ambaye kiti chake sasa kilikaa hatua moja tu kutoka kwa nyoka, alivaa miwani na kuchungulia.

"Na nusu," alisema. "Andika na nusu."