Tulisitiriana

"Geukia ubavu wa kushoto, dada. Tena kidogo."

Mpima moyo akabana kifaa chenye jeli chini ya titi la mgonjwa. Kwenye skrini, kivuli kitupu.

"Mbona moyo wako unajificha hivi? Samahani, umewahi kupandikizwa matiti? Yale ya silikoni huwa yanaziba picha."

Mke akamtupia jicho mumewe, aliyekaa kwenye stuli na mkoba wa mkewe mapajani. Siri hiyo hakuwahi kumwambia.

"Mimi? Loo! Nimeumbwa hivi hivi!"

"Mke wangu ni wa asili, dokta," mume akadakia.

"Haya. Picha haisomeki. Rudini kwa kipimo kingine, msipuuze. Pumzi kukatika si jambo la mchezo."

Hawakurudi. Mume akikumbusha, mke anajibu, "Uchovu tu, baba." Kipimo kingine si kingemuumbua? Jamani, aibu hii!

Siku moja akianika nguo, akaanguka. Akalazwa. Mume alikuwa nyumbani akimchukulia nguo za kubadilisha, simu ikalia, ujumbe wa mkewe:

"Mume wangu nisamehe. Matiti si yangu, niliwekewa kabla hatujajuana. Mwambie yule dada wa kipimo. Mimi siwezi."

Alirudi wodini mbio, anahema.

"Nilijua, mama. Makovu nimeyaona tangu fungate."

"Ulijua? Sasa siku ile ulidakia nini?"

"Nilikuwa nakusitiri."

Mke akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

"Na mimi nilikuwa nakusitiri wewe, watu wasikucheke. Tumesitiriana, mume wangu, ona tulipofika."

Mume alilia waziwazi, mbele ya wagonjwa wote.

Mpima moyo alipoambiwa ukweli, akapitishia kifaa chini ya mbavu, ambako silikoni haizibi. Moyo ukaonekana: umevimba, unapiga kwa kusuasua.

"Ndio huo?" mume akauliza.

"Ndio huo, shemeji. Laiti tungeuona siku ile."

Madaktari walihangaika wee, wapi! Jioni ile ile moyo ukasimama.

Muuguzi akaja kumtoa nyaya kifuani, akashika shuka kulivuta. Mume akamzuia mkono.

"Taratibu, dada. Vuta pazia kwanza. Mke wangu hapendi watu wamwone kifua."