Kikombe cha Kwanza cha Uji

Jumamosi asubuhi, mashine ya Papa Jumaine ndiyo iliyoamsha mtaa wa Murara. Jogoo waliwika baadaye, kama watu waliochelewa kazini. Kahambu, msichana wa miaka kumi na miwili, alikunja mkeka wake, akanawa uso, akafagia vumbi jeusi mlangoni, kisha akavuka ua hadi kwenye jengo la mbao ambalo mama yake mkubwa, Mama Emerance, aliliita kiwanda.

Neno KIWANDA lilikuwa limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa mno, hata ile ya mwisho ikakosa nafasi na kupanda mlangoni. Mtu akifungua mlango, kiwanda kinabaki KIWAND. Ndani mlikuwa na mashine moja ya kusaga, sufuria pana la kukaangia soya, mzani, na akina mama wa ushirika waliokuwa na midomo yenye kasi kuliko mashine yenyewe. Walisaga mahindi, mtama na soya, wakachanganya, wakapata unga wa bui, ule uji ambao watoto wa Goma huunywa kabla ya kwenda shule.

"Kahambu!" aliita Papa Jumaine, msagaji, nyusi zake nyeupe kwa unga. "Leo umelala kama bibi wa waziri!"

Siku zote Kahambu alikuwa na jibu la kumrudishia. Leo alitabasamu nusu, macho yake yakiwa kwenye gunia lililofungwa kwa utepe wa kitenge chekundu. Hilo lilikuwa gunia lake.

Mahindi yaliyokuwamo yalitoka kwenye shamba la mama yake mzazi, huko Rutshuru. Barabara ya huko leo inapitika, kesho haipitiki, hivyo kila gunia lililofika mjini lilipokelewa kama mgeni wa arusi. Kazi ya Kahambu ilikuwa kuyaanika na kuyachambua. Goma chini ni mawe meusi ya volkano, na mahindi hayaanikwi bila turubai. Jana, Kahambu alipokuwa akiruka kamba na wenzake, upepo ulilipindua turubai na kuyamwaga mahindi yote juu ya mawe. Mawingu yalikuwa yakishuka kutoka upande wa mlima Nyiragongo. Alikamata ufagio, akazoa mahindi pamoja na changarawe, akajaza gunia. Nitachambua jioni, alijiambia. Jioni ikaja na kamba yake ya kuruka.

"Umechambua?" Mama Emerance alikuwa amemuuliza usiku huo.

"Ndiyo, mama mukubwa. Yote."

Sasa Papa Jumaine alikata utepe mwekundu. Kahambu alishika ukingo wa meza. Mahindi yaliporomoka ndani ya kinywa cha mashine, na papo hapo mlio ukabadilika. Krrr. Kimya. Krrr.

"Mashine inakohoa," alisema Papa Jumaine, akatega sikio. "Kahambu, mahindi yako yana meno?"

"Labda ni makavu sana, Papa Jumaine."

"Ya Rutshuru hayo! Yana kichwa ngumu kama mwenyewe," alidakia Gentil, mtoto wa Mama Emerance, aliyekuwa akifunga unga kwenye pakiti. Wote wakacheka. Mashine ikaendelea kukohoa.

Nje ya ua, gari la kituo cha lishe lilipiga honi. Akashuka nesi Victoire, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi.

"Mama Emerance, wengi wamenisukuma nije kwako," alisema. "Mpaka leo tumekuwa tukinunua unga wa ng'ambo ya mpaka. Huu wenu ukiwafaa watoto, nitachukua kila juma. Usipowafaa, narudi kwa ule wa zamani. Wapo watoto pale kwangu ambao hawana nguvu hata ya kulia."

Mama Emerance alijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa ameisubiri siku hii tangu mashine iliponunuliwa.

Ushirika ulikuwa na desturi moja. Unga hautoki uani kabla haujapikwa, na aliyeanika gunia ndiye anayekunywa kikombe cha kwanza, mbele ya wote. Kwa hiyo uji wa gunia la utepe mwekundu ulipochemka, kikombe kikaletwa mkononi mwa Kahambu. Kilimchoma vidole. Akanywa.

Kati ya meno yake kitu kikalia: kchi.

"Bui iko namna gani?" aliuliza Mama Emerance.

Kila jicho lilikuwa kwake. Kahambu alimeza uji, akameza na changarawe.

"Iko muzuri."

"Mbona unakunywa kama dawa ya minyoo?" alisema Gentil, na kicheko kikalipuka tena. Kahambu naye akacheka, lakini mchanga ulikuwa bado chini ya ulimi.

Maboksi ya pakiti za unga yakaanza kupakiwa garini. Moja, jingine, jingine. Nesi Victoire alikuwa akimweleza mama mmoja wa ushirika habari za mtoto wa miezi minane aliyelazwa tangu juzi: "Mama yake ameshika kijiko asubuhi yote. Ameambiwa unga wa leo ni wa kwetu, umelimwa kwetu. Amefurahi, huwezi kuamini."

Kahambu alisikia kile kijiko kikilia kwenye meno madogo ambayo labda hata hayajaota. Dereva akapandisha mlango wa nyuma. Mtambo wa gari ukaguruma. Sema, Kahambu alijiambia. Sema sasa. Mdomo ukakataa. Magurudumu yakaanza kuzunguka juu ya mawe, na miguu yake, ambayo haikuwa imeomba ruhusa ya mdomo, ikakimbia ikasimama mbele ya gari.

"Msiende! Una mawe! Unga wangu una mawe!"

Gari likasimama kwa kishindo. Mama Emerance alikuja polepole, na polepole hiyo ilitisha kuliko kelele. Akachukua kikombe, akanywa funda moja, akatafuna, akatema.

"Ulikunywa hii, ukaniangalia machoni, ukasema muzuri?"

"Ndiyo, mama mukubwa." Kahambu akaeleza yote, upepo, ufagio, kamba. Machozi yalichora mistari kwenye uso wake wenye unga.

"Maboksi yenyewe ni yale ya mwisho tu," alinong'ona Gentil. "Tuyachanganye na mengine, nani ataona?"

"Tumbo la mutoto litaona," alisema mama yake.

Papa Jumaine alikuwa ameshaizima mashine na kuifungua ubavu. Akarudi na chekeche la chuma, lile linalochuja unga ndani ya mashine, likiwa na tundu linalotosha kidole gumba. Uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Angalieni. Changarawe imelitoboa. Ningemwaga gunia lingine, vipande vya chuma vingeingia ndani ya unga. Huyu mutoto amechelewa kusema, lakini amesema."

Nesi Victoire aliangalia maboksi, akaangalia barabara. "Naenda sokoni. Nikirudi saa nane nitachukua mulicho nacho. Nikikuta pungufu, nitajaza kwa unga wa ng'ambo."

Hapo ua ukageuka kama nyumba yenye kilio, kila mtu akikimbilia kazi yake. Maboksi ya gunia la utepe mwekundu yakawekwa kando, yawe chakula cha kuku. Papa Jumaine akafunga chekeche la zamani alilokuwa amelihifadhi. Akina mama wakatawanyika, wakarudi na mahindi ya majumbani mwao, yale waliyokusudia kuyala wenyewe: huyu beseni, yule nusu ndoo. Yote yakawekwa mbele ya Kahambu pamoja na ungo.

Alichambua punje kwa punje. Mgongo ulimuuma, jua likampiga kisogoni, na mara mbili aliona kijiwe cheusi kilichojificha kama mdudu. Hakuruka hata kimoja. Baada ya muda Gentil akaja, akachuchumaa karibu naye.

"Sogea, Kichwa Ngumu," alisema. "Wewe peke yako utamaliza Krismasi."

Mama Emerance naye alivuta kigoda, akakamata ungo mwingine.

"Nilipokuwa na umri wako," alisema bila kuinua macho, "milima ya huku ilikuwa na pareto, chai na kahawa. Viwanda vilinguruma kwa sababu watu walilima. Kisha vita vikawafukuza watu mashambani. Mashine hazikuharibika siku hiyo, hapana. Zilikuwa nzima kabisa, zikakaa bure, kuku wakatagia ndani. Toka siku ile nilijua kiwanda kinaanzia wapi."

"Kinaanzia shambani?" aliuliza Kahambu kwa sauti ndogo.

"Mufanyakazi wa kwanza wa kiwanda hiki ni mama yako, na hajawahi kukanyaga hapa. Anapiga jembe Rutshuru na wasiwasi moyoni. Wa pili ni wewe na turubai lako. Papa Jumaine ni wa tatu. Mukulima akilala, mashine inalala. Mwanikaji akidanganya, kazi ya mukulima inaenda kwa kuku, na nchi inanunua unga wa wengine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama mukubwa."

"Basi kesho utampigia mama yako simu. Utamwambia mwenyewe mahindi yake yameliwa na nani."

Kahambu aliinamia ungo wake. Hiyo ilikuwa adhabu nzito kuliko kiboko.

Nesi Victoire aliporudi, mashine ilikuwa ikinguruma sawasawa, bila kikohozi. Sufuria likachemka. Kikombe cha kwanza kikarudi mkononi mwa Kahambu, na safari hii hakuna aliyecheka. Nesi mwenyewe alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

Uji hautafunwi, kila mtu anajua. Lakini Kahambu aliutafuna. Aliutafuna kulia, akautafuna kushoto, akausaka kwa ulimi kila pembe ya mdomo, mpaka Gentil akashindwa kuvumilia: "Weye, hiyo ni bui au muwa?"

Kahambu alimaliza kikombe chote, akakigeuza chini juu ili waone.

"Sasa iko muzuri," alisema, akimwangalia mama yake mkubwa machoni.

Mama Emerance akampa dereva ishara, na gari likatoka uani likiwa limejaa.