Maji Kabla ya Picha

Ramadhani ya mwaka 1987, Mwanatumu hakutulia hata kidogo. Mikono ilikuna nazi ya futari, macho yakimtazama bintiye. Batuli alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuja kijijini Ngomeni kuzalia kwa mamake, kama ilivyo desturi ya mimba ya kwanza.

Adhuhuri moja Batuli alitoka msalani, kashikilia leso yake.

"Mama, naona damu. Wala tumbo haliniumi."

Mwanatumu aliruka juu, nazi ikabaki pale pale. "Yallah! Namwita mkunga aje akukande!"

"Asikandwe, Bi Mwanatumu!" Alikuwa Jedida, jirani yao, muuguzi wa zahanati, aliyewasikia akipita mlangoni. "Mja mzito akitoka damu ni hospitali, hata kama haumwi. Kilifi kuna watafiti wana mashine ya kuona ndani ya tumbo."

"Eksirei?"

"La. Hii inapeleka sauti ambayo sikio halisikii. Sauti ikirudi, picha inatokea kwenye kioo papo hapo. Mtoto akigeuka, unamwona akigeuka."

Walipanda matatu hadi Kilifi. Hospitalini Mwanatumu aliketi, akasimama, akaketi tena. Ochola, fundi wa mashine, alimuuliza Batuli, "Umekunywa maji mengi, dada?"

Batuli alifungua mdomo. Mamake akamtangulia. "Amekunywa, mwanangu. Mengi!"

Uongo mtupu! Batuli alikuwa amefunga. Mwanatumu alidhani huyu bwana wa bara ataka kumlisha mwanawe mchana kweupe. Basi akailinda saumu ya binti, yake mwenyewe akaitia uongo.

Ochola alipitisha kidude juu ya tumbo. Akarudia. Akakunja uso.

"Mtoto namwona, moyo unapiga. Lakini huku chini, damu inakotoka, sioni. Kibofu kikijaa maji ndipo panaonekana."

"Na pasipoonekana?"

"Daktari hatajua damu inatoka wapi. Tukikosea, itamwagika, na tutawapoteza wote wawili."

Hofu na aibu vilimshika Mwanatumu pamoja.

"Nimekudanganya, baba. Amefunga. Nami najua fika kuwa mgonjwa ana ruhusa. Ni ukaidi wangu tu!"

Alikwenda mwenyewe kuteka maji, akamshikia Batuli kikombe. "Kunywa, mwanangu. Siku utazilipa ukipona."

Saa nzima alizunguka varandani. Walipoitwa tena, picha ilikuwa safi. Ochola alionyesha kwa kidole.

"Hili ni kondo la nyuma. Limekaa chini, limeziba mlango wa mtoto. Hawezi kuzaa nyumbani."

"Na mkunga angemkanda?"

"Damu ingezidi, mama. Mlifanya vyema kuja."

Mwanatumu aliutazama moyo ule mdogo ukidunda kwenye kioo. Akalia mbele ya watu, wala hakujificha.

Batuli alilazwa papo hapo. Baada ya wiki tatu alipasuliwa, akatoka mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mama na mwana wakarudi Ngomeni wazima.

Ramadhani iliyofuata, binti wa nyumba ya pili aliona damu, naye ana mimba. Watu wakaanza kumtafuta mkunga. Mwanatumu alikuwa kashasimama mlangoni, kavaa buibui.

"Hakandwi mtu hapa! Twende hospitali. Na wakikuuliza lolote, jibu mwenyewe. Mie leo sifungui mdomo."