Mgeni Aliyefungiwa na Siti

Mama alinituma kuchukua moto kwa Siti. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima, na jiko letu lilikuwa limezimika.

Siti ni mke mdogo wa baba. Nyumba yake iko ng'ambo ya uwanja wetu. Hapa Baraka hatufungi milango. Mtu akienda kwenye shamba la pamba huegemeza kijiti tu, na jirani akitaka kaa la moto huingia akachukua. Lakini mtoto wa Siti alikuwa anakonda. Siti alisema kuna bibi anayeingia kila jioni bila kupiga hodi, anampakata mtoto, kisha anaondoka, na mtoto anabaki mwepesi kama kikapu kitupu. Baba alipopeleka pamba Fizi alimletea kufuli la chuma. Tangu hapo mtoto ananenepa.

Mama hakuamini habari za bibi. Aliona kufuli tu.

"Mimi nimemuzalia batoto wawili," alisema, "na hajaniletea hata musumari."

Batoto wawili ni mimi na Idi. Idi ndiye niliyetolewa shule ili nimlee.

Basi nilivuka uwanja, Idi mgongoni, kigae cha kutilia moto mkononi. Siti alikuwa bado ziwani. Kufuli lilikuwa linaning'inia mlangoni.

Na mtu alikuwa amesimama hapo.

Alinipa mgongo. Kiganja chake kilikuwa juu ya kufuli, kinalipapasa polepole... kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Nikasikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Mama mudogo yako ananifungia," alinong'ona bila kugeuka. "Kwenu munafungaka?"

Kigae kikaanguka. Nikakimbia.

Nilipofika kwetu, alikuwa amekwisha kufika.

Mama alikuwa anamwekea kigoda. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Siti aolewe.

"Karibu, bibi, karibu! Kwa Siti bananyima batu hata moto. Hapa mulango iko wazi!"

Kwetu mgeni hupewa kwanza maji ya miguu, na jina huulizwa akishakula. Nikamimina maji. Yalitiririka hadi chini, udongo ukalowa. Miguu yake ikabaki mikavu, na vumbi lake juu.

"Mama..." nikanong'ona. "Ndiye yule."

"Nyamaza we! Kila kitu kizuri kinapita kwa Siti. Huyu amekuja kwangu."

Chakula hakukigusa. Alinyoosha mikono tu.

Mama akamfungua Idi mgongoni mwangu. "Mushike, bibi. Pima mwenyewe. Si iko muzito kupita ule wa kule?"

Bibi alimnusa utosini. Akafumba macho.

"Iko muzito," alisema.

Tangu siku ile anakuja kila jioni. Jina lake hatulijui, kwa sababu hajala. Mama anafagia uwanja mapema na kuweka kigoda mahali ambapo Siti atakiona. Lakini anayembeba Idi ni mimi. Jana nilipofunga kitenge, ncha zake zilibaki ndefu.

Nikaenda kwa Siti. Alikuwa amejifungia ndani.

"Mama mudogo, niazime kufuli. Usiku moja tu."

Sauti yake ikaja karibu kabisa na ubao wa mlango.

"Nikikupa, atarudi kwangu. Wende, mutoto wangu. Usinichukie."

Baba amekwenda tena Fizi na pamba. Kwa hiyo leo, jua lilipoingia, nilivuta mlango wetu wa matete, nikakaa chini, nikauegemea. Idi yuko mapajani. Anapumua kidogo kidogo.

Harufu ya majivu imefika.

Kitu kinagusa mgongo wangu kupitia matete. Ni kiganja. Kinapapasa polepole, kutoka bega moja hadi lingine, kama kinatafuta mahali pa ufunguo.

Na nyuma ya jiko Mama anasimama, anajitengeneza kilemba.

"Sogea, Mwamini," anasema. "Unamusimamisha mugeni wangu inje, na Siti anaangalia."