Si Uchafu Unaotoka

Ombati wa kule Ekerenyo alikuwa na magoti mabaya. Kuchuma chai kwenye mteremko si mchezo. Basi akanunua chupa ya dawa ya mitishamba sokoni, akawa anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Magoti yakatulia kidogo. Ombati akafurahi.

Lakini mkojo wake ukawa mweusi, rangi ya strungi, chai isiyotiwa maziwa.

"Muuzaji alisema itakuwa hivyo," alimwambia mkewe, Mokeira. "Ni uchafu unatoka mwilini. Dawa inafanya kazi."

Sasa, Mokeira ni mtu wa kuuliza. Hata mchungaji wa kanisa anamjua kwa maswali yake. Alitazama ugali ambao mumewe hakuugusa.

"Baba Lavender, kama ni uchafu unatoka, si mkojo ungetakata? Mbona unazidi kuwa mweusi?"

"Basi uchafu ni mwingi. Nitaongeza kikombe cha tatu."

"Yesu wangu! Na mbona unajikuna usiku kucha?"

Mwanamume akikosa jibu huenda kuangalia ng'ombe, naye Ombati akaenda.

Mokeira aliogopa kweli. Akamwita jirani yao Celestine, mhudumu wa afya wa kijiji. Celestine alimtoa Ombati nje, kwenye mwanga wa jua.

"Shemeji, tazama juu." Akamvuta kope ya chini. Macho yalikuwa ya manjano. "Na choo chako kina rangi gani?"

"Wewe Celestine! Hayo ni maswali ya kumuuliza mzee?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nijibu."

"Kimepauka," Ombati alinong'ona.

"Basi huo si uchafu. Ini lako limeumia. Ini likiwa zima, hutoa rangi ya manjano mwilini kupitia choo. Likiumia, rangi hiyo inabaki kwenye damu. Inaingia machoni na kwenye mkojo."

"Lakini ni majani tu!"

"Mtu wa chai, wewe hujui majani yana nguvu? Mengine huponya, mengine huharibu ini. Na chupa hii haisemi ndani kuna nini. Iache leo. Twende nayo hospitalini, daktari aione."

Walipanda bodaboda hadi hospitalini. Daktari aliuliza kuhusu pombe na kila dawa anayotumia. Ombati akaweka chupa mezani. Damu ilipimwa. Virusi vya homa ya ini havikuonekana, lakini vipimo vya ini vilikuwa juu mno.

"Mmewahi," daktari alisema. "Ungeendelea kunywa, ini lingeweza kushindwa kabisa, na watu hufa hivyo."

Mokeira alilia palepale. Ombati alimshika mkono.

Aliacha dawa ile. Akawa anarudi kupimwa damu kila alipoambiwa, na kwa magoti akapewa matibabu mengine. Polepole hamu ya kula ilirudi, mkojo ukatakata, macho yakawa meupe. Siku daktari aliposema ini linapona, Mokeira alipiga vigelegele mle mle hospitalini, hadi wauguzi wakachungulia.

Siku hizi Ombati hana aibu. Juzi kwenye kituo cha kupimia chai alisimama mbele ya foleni, akauliza kwa sauti, "Nani hapa anakunywa dawa ya chupa? Mkojo wako una rangi gani?"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Obwocha, mchumaji mwenzake, peke yake hakucheka. Aliweka kikapu chake chini, akamvuta Ombati kando.

"Hiyo hospitali," aliuliza, "wanafungua saa ngapi?"