Jibu la Nyuma ya Pazia

"Mwanaheri, mwanangu, Faraji kaleta posa. Unamkubali?"

Shangazi Zainabu aliuliza akiwa nje ya pazia, kama desturi inavyotaka, wala hakutegemea jibu. Binti akinyamaza ndiyo kakubali, wazee wanakula pilau na shughuli imekwisha. Masikini, hakujua kwamba nyuma ya pazia lile binti ana hedifoni chini ya mtandio, simu kaiegemeza kwenye kopo la unga, na profesa wa chuo kikuu anamfanyia usaili wa kazi, ndiyo kwanza kamuuliza kama anaikubali.

"Nakubali kwa moyo wangu wote," Mwanaheri akasema bila kusita. "Hata wiki ijayo naweza kuanza."

Shangazi akashika mdomo. Kuanza? Haya zote zile zimekwenda wapi? Lakini posa ni posa. Akapiga kigelegele, na wanawake wa jikoni wakampokea.

Profesa akasikia kelele hizo, akauliza kama nyumbani kuna usalama. Mwanaheri akasema jirani kajifungua, profesa akampongeza jirani.

Kazi yenyewe, jamani, ni ya utafiti, tena Dar. Kuna mashine inachapa ngozi hai. Ukiwaza ile ya stesheneri hujakosea sana, ila badala ya wino inatoa ute wenye chembe hai, tabaka juu ya tabaka, ili siku moja aliyeungua moto apate ngozi mpya. Mwanaheri aliiota kazi hiyo tangu anasoma. Faraji, mpenzi wake, muuza kabichi wa Soni, yeye alimwambia achague: yeye au mashine ya kuchapa nyama za watu. Wakanuniana. Leo kaja na wazee bila taarifa, akitegemea ukimya wa desturi umpatie mke bila mjadala. Mjanja kweli.

Mwanaheri alipolegeza hedifoni sikio moja, akasikia sebuleni wanataja Faraji na mahari. Akamwomba profesa dakika moja, akachomoa hedifoni kwenye simu, akatoka.

"Shikamooni wazee. Sijakubali posa. Nimekubali kazi."

Matonge yakasimama njiani. Mzee Ramadhani, mshenga, akalitazama paja la kuku alilokwisha kuling'ata, akauliza kwa upole kama itabidi alirudishe.

Faraji, aliyekuwa barazani akijichekea peke yake, akaingia mbio.

"Kwa hiyo umechagua mashine?"

"Wewe hujaniuliza. Umemtuma Shangazi aniulize."

Faraji akainama. Viatu vyake vilikuwa na tope la shambani, na mbele ya wazee wote wale alionekana mdogo.

"Niliogopa ukifungua mdomo utasema hapana," akasema. "Nakupenda, Mwanaheri. Nilikuwa mjinga."

Uchungu wa wiki nzima ukamtoka Mwanaheri. Alimpenda huyu mtu, hilo hakuweza kulikana.

"Basi niulize mwenyewe."

"Nenda kafanye kazi yako. Kabichi hata Dar zinaliwa, nitazileta mwenyewe. Utakubali nikuoe?"

Mwanaheri akainamisha uso. Akanyamaza. Akaendelea kunyamaza, mpaka Mzee Ramadhani akairudia nyama yake kimyakimya.

Shangazi Zainabu, aliyeusubiri ukimya huo tangu asubuhi, akakaza khanga kiunoni na kuachia kigelegele kilichosikika mpaka barabara ya Mombo.

Kilipotulia, sauti ikatoka chumba cha ndani, kwenye kopo la unga.

"Samahani," profesa akasema. "Jirani kumbe ana mapacha?"